UCHAMBUZI: Utepe ukishakatwa, jengo hubaki mikononi mwa nani?

TAREHE 29 Aprili ni siku ambayo Wakenya wana sababu mbili za kuikumbuka kwa huzuni.

Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la orofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma, jijini Nairobi, mvua kubwa ikinyesha. Waokoaji walifukua vifusi kwa siku nyingi, na shughuli hiyo ilipomalizika watu takriban 50 walikuwa wamethibitishwa kufariki.

Miaka minane baadaye, siku iyo hiyo, kabla ya mapambazuko ya Aprili 29, 2024, maji yaliyobeba matope, mawe na magogo yalishuka kwa kishindo kutoka upande wa Kijabe na kufagia nyumba za wanakijiji karibu na Mai Mahiu, katika kaunti ya Nakuru. Watu wasiopungua 50 walipoteza maisha wakiwa usingizini.

Habari za kwanza zilisema kwamba bwawa lilikuwa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilifafanua kwamba hapakuwa na bwawa lolote pale. Kilichotokea ni kwamba kalvati iliyopitisha maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa kwa magogo, mawe na udongo. Maji yakakosa njia, yakajikusanya nyuma ya tuta, na tuta liliposhindwa kuyazuia yakaachiliwa yote kwa mara moja.

Wengi wetu huiona mikasa hii miwili kuwa mambo tofauti kabisa. Ule wa Huruma tunauita tamaa ya mwenye nyumba, na huu wa Mai Mahiu tunauita ghadhabu ya mvua. Kwa maoni yangu ni mkasa mmoja uliotokea mara mbili. Katika kila mmoja kulikuwa na kitu kilichojengwa na binadamu, ambacho usalama wake ulihitaji mtu wa kukikagua, na mtu huyo hakuonekana.

Hebu tuitafakari ile kalvati. Tuta la reli likiwa na tundu lililo wazi ni njia ya garimoshi. Tundu hilo likizibika, tuta linageuka kuwa bwawa ambalo hakuna mhandisi aliyelichora, lisilo na mlango wala njia ya kupunguzia maji. Inawezekana kwamba magogo yaliletwa na mvua za msimu ule ule. Lakini mvua hizo zilikuwa zimeanza mwezi wa Machi na zilikwisha kuua watu sehemu nyingi za nchi. Kulikuwa na wiki kadhaa za kumtuma mtu mwenye tochi na buti akachungulie.

Siku hizi hakuna kongamano la wahandisi na wasanifu majengo linalomalizika bila kutajwa ujenzi endelevu. Wajumbe huonyeshwa picha za paa zenye mitambo ya nishati ya jua, madirisha yanayoingiza mwanga na matangi ya kuvuna maji ya mvua. Hayo ni mambo mema, na sina ugomvi nayo. Ila uendelevu una maana moja ya mwanzo kabisa ambayo husahaulika: kwamba kitu kilichojengwa kiendelee kusimama na kutumika bila kumdhuru mtu, na kwamba gharama ya kukifanya kiendelee iwe imehesabiwa tangu siku ya kuchimba msingi.

Mwenye matatu analijua jambo hili kuliko wizara nyingi. Siku anaponunua gari, tayari ameweka akilini bei ya magurudumu, bima, breki na malipo ya fundi. Gari lisiloingia gereji halimaliziki mwaka barabarani. Sisi kama taifa tunanunua matatu kila mwezi na kupiga nayo picha, kisha tunashangaa mbona imekwama mlimani.

Jengo la saruji halifi ghafla, hata kama linaanguka kwa dakika moja. Saruji ikichanganywa vizuri na mchanga safi, kokoto na kiasi kinachofaa cha maji, kisha ikamwagiliwa na kuachwa ikomae, huendelea kupata nguvu kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu wahandisi hupima sampuli zake baada ya siku 28. Fundi akiongeza maji ili mchanganyiko uwe laini na kazi iende haraka, anapunguza nguvu za nguzo ambayo mpangaji atalala chini yake kwa miaka 30.

Nguzo hiyo dhaifu inaweza kusimama muda mrefu kabla ya kujionyesha. Maji hupenya kupitia nyufa ndogo au bomba linalovuja hadi yafike kwenye vyuma. Vyuma vikishika kutu hufura, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kufura huko hupasua saruji kutoka ndani. Ufa unapanuka, maji zaidi yanaingia, na mwendo wa uharibifu unaongezeka. Mkaguzi mwenye uzoefu huyaona hayo mapema: madoa ya rangi ya kutu ukutani, vipande vya saruji vinavyobanduka, milango iliyoanza kukataa kufungika kwa sababu fremu imepinda.

Mwandishi huyu aliwahi kupanga chumba katika orofa ya nne ya jengo moja la Nairobi. Ukuta wa ngazi ulikuwa na ufa uliotoka orofa ya pili hadi ya tatu. Kila mara mpangaji mpya alipokaribia kuingia, bawabu aliujaza ufa huo kwa simiti kidogo na kuupaka rangi ya krimu. Tulipomwuliza kama mwenye nyumba anajua, alijibu kwamba mwenye nyumba ndiye aliyenunua rangi.

Simulizi hiyo haina mkasa. Nilihama, na kwa ninavyofahamu jengo bado limesimama. Lakini katika miaka yote niliyokaa pale sikumwona hata mara moja afisa yeyote wa serikali akipanda ngazi zile kutazama ukuta. Wakati wa ujenzi bila shaka walikuja, kwa sababu kulikuwa na vibali vya kutoa na ada za kulipwa. Watu walipohamia, jengo lilitoka katika macho ya sheria.

Kuhusu lile la Huruma, maafisa walisema baada ya mkasa kwamba lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa. Alama ile ya X ya rangi nyekundu imekuwa kama pambo la mitaa yetu. Wapangaji huanika nguo juu yake. Hawana kiburi, wanajua tu kwamba kodi ya jengo lisilo na alama hawaiwezi, na kwamba tangu alama ichorwe hakuna aliyerudi. Serikali inayochora X ukutani na kuondoka imetimiza jambo moja tu, nalo ni kupata ushahidi kwamba ilijua.

Haiwezi kudaiwa kwamba nchi hii haina sheria. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kazi yake ni pamoja na kuwasajili wanakandarasi katika madaraja manane kulingana na uwezo wao. Kaunti zinaidhinisha michoro. Mamlaka ya Mazingira, NEMA, hutoa leseni baada ya tathmini ya athari. Kuna Idara ya Kitaifa ya Ukaguzi wa Majengo, iliyoundwa mwaka 2015 baada ya msururu wa majengo kuanguka.

Isitoshe, kanuni za ujenzi zilizokuwa zikitumika tangu mwaka 1968 hatimaye ziliwekwa kando. Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024 zilianza kutekelezwa Machi 1, 2025. Tafakari kidogo muda huo: zile za zamani ziliandikwa wakati Nairobi ilikuwa mji wa watu laki chache, na zikaendelea kuongoza ujenzi wa jiji lenye zaidi ya milioni nne.

Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, wingi wa ofisi una hatari yake. Jengo linapoporomoka, kaunti husema kibali kilikuwa cha orofa tano na mwenyewe akaongeza tatu, NCA husema iliweka ilani ya kusimamisha kazi, na mwenye jengo hutoa karatasi zilizogongwa mihuri. Mwezi Agosti 2018, wakati maduka makubwa yaliyokuwa kando ya mito ya Nairobi yalipobomolewa, raia wengi walijiuliza swali la haki kabisa: jengo la mamilioni ya pesa liliinukaje kutoka msingi hadi paa juu ya njia ya maji, mbele ya macho ya ofisi zote hizi?

Lakini hata ofisi hizi zote zingefanya kazi yake bila hongo wala uzembe, bado tungebaki na tatizo la fedha, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anifuate kwa makini.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaziagiza serikali ya kitaifa na za kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti, katika kipindi cha muda wa kati, kwa matumizi ya maendeleo. Nia ilikuwa njema: kuzuia fedha zote zisiishie kwenye mishahara na safari. Lakini kuzibua mitaro, kupaka rangi daraja lisishike kutu, kubadilisha bomba la zahanati na kumlipa mkaguzi mshahara ni mambo ambayo mara nyingi huhesabiwa katika matumizi ya kawaida, yale ambayo kila gavana anahimizwa kuyapunguza. Zahanati mpya ni maendeleo. Kuizuia zahanati ya zamani isivuje ni gharama.

Kwa hivyo afisa mwerevu hufanya nini? Anaiacha ile ya zamani ichakae hadi iwe gofu, ndipo aombe fedha za kujenga nyingine, nazo huidhinishwa haraka kwa kuwa sasa ni mradi. Wahenga walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika vitabu vyetu vya hesabu, anayejenga ukuta ndiye anayesifiwa.

Kwa upande wa barabara, nchi ilijaribu kujikinga na tabia hiyo. Ilianzisha hazina maalumu ya matengenezo kwa sheria ya mwaka 1993, inayotokana na ada anayotozwa kila anayenunua petroli au dizeli. Mwezi Julai 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita. Abiria hailipi moja kwa moja, lakini anaijua katika nauli.

Mwaka 2025 serikali iliamua kwamba Sh7 katika kila lita zitumiwe kama dhamana ya kukopa Sh175 bilioni, ili kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai kwa muda mrefu. Siwalaumu wanakandarasi hao. Wengi walikuwa wameshtakiwa na benki, na mitambo yao ilikuwa imelala kando ya barabara zilizokwama. Ila lazima jambo liitwe kwa jina lake. Pesa zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya kuziba mashimo ya kesho zimewekwa rehani kulipia lami iliyoagizwa jana bila fedha kuwepo.

Na lami hiyo iliagizwa kwa nini? Kwa sababu ya kalenda ya siasa. Muhula wa miaka mitano hauna nafasi ya mradi wa miaka sita. Itakumbukwa kwamba daraja la Sigiri, huko Budalang'i katika kaunti ya Busia, liliporomoka Juni 26, 2017 kabla ya kukamilika, wiki mbili hivi baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulizuru na wiki sita tu kabla ya uchaguzi mkuu. Lilikuwa na gharama ya Sh1.2 bilioni, na lilitarajiwa kuwaokoa wakazi na hatari ya kuvuka mto Nzoia kwa mashua. Wafanyakazi kadhaa walijeruhiwa. Iwapo haraka ya uchaguzi ilichangia au la, wahandisi ndio wa kusema. Kinachojulikana ni kwamba saruji haikomai upesi kwa ajili ya debe.

Tena kuna adui ambaye hata mwanasiasa hana hatia naye. Ukisafiri katika barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012 kwa shangwe, utaona mahali ambapo vyuma vya kukinga magari vimeng'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mwezi Januari 2022 nguzo za umeme zilianguka kwenye laini ya Kiambere hadi Embakasi na nchi nzima ikakosa umeme. Serikali ilisema zilikuwa zimeharibiwa, na biashara ya vyuma vikuukuu ikapigwa marufuku kwa miezi michache. Wizi huo ni uhalifu. Hata hivyo, kitu kisicho na mlinzi wala mkaguzi kwa miaka kumi huanza kuonekana hakina mwenyewe.

Je, kuna mahali tumefanya vyema? Mapo. Barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 na iliyofunguliwa mwaka 2022, inasimamiwa na kampuni iliyopewa miaka 27 ya kukusanya ada na wakati huo huo kuitunza. Taa ikizimika pale, anajulikana wa kuuliza. Vivyo hivyo, barabara ya Ngong, Kiserian hadi Isinya, pamoja na ile ya Kajiado hadi Imaroro, jumla ya kilomita 91, zilijengwa kwa mpango ambao waliozijenga walitakiwa pia kuzitunza kwa miaka minane, wakilipwa kidogo kidogo kulingana na hali ya barabara. Mjenzi anayejua kwamba shimo litakuwa lake hamwagi lami nyembamba.

Sharti nikiri kwamba mipango hii ina bei yake. Ya kwanza humwacha asiye na ada akiendelea kusongamana chini, na ya pili inaifunga serikali kwa malipo ya miaka mingi. Lakini zote mbili zimejibu swali ambalo mikataba yetu mingi huliruka.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mji wa kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2001, una nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chumvi na unyevu wa bahari hula chokaa bila kupumzika, na mchwa hawana heshima kwa boriti. Nyumba hizo hazijasimama karne kadhaa kwa sababu ya uimara wa mawe peke yake. Zimesimama kwa kuwa kila kizazi kilipaka chokaa upya na kutoa boriti iliyooza kabla haijaangusha nyingine. Ile ambayo wenyewe walitawanyika na paa likaanza kuvuja, haikuchukua muda kuwa gofu.

Haya yote yana uzito wa pekee wakati huu, kwa sababu ya nyumba za bei nafuu. Tangu Machi 2024, chini ya sheria mpya, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Mwezi Mei 2025, Rais William Ruto aliwakabidhi wakazi wa kwanza funguo za nyumba 1,080 huko Mukuru. Nyumba zaidi zinajengwa katika kaunti mbalimbali.

Mjadala wa umma umeshikilia mambo mawili: je, ni haki kukatwa, na nani atapewa nyumba? Ni maswali halali. La tatu halijaulizwa kwa sauti ya kutosha: nani atazitunza nyumba hizi mwaka 2045?

Jibu tunalo mashariki mwa Nairobi. Kaloleni, Jericho na mitaa mingine ya baraza la jiji ilijengwa kwa ustadi katika enzi zake, ikiwa na viwanja vya watoto na kumbi za mikutano. Wapangaji wakalipa kodi mwaka baada ya mwaka. Kodi hiyo haikurudi kama mabati mapya wala mabomba. Majitaka yakaanza kupita nje, vibanda vikajaza viwanja, na leo mitaa kadhaa ya aina hiyo inabomolewa au inapangiwa kubomolewa ili kupisha majengo marefu, ambayo nayo yatakuwa na lifti, pampu za maji na matangi ya juu.

Lifti si kitu cha kukisia. Ikikosa kuhudumiwa itakwama, na ikikwama mama mjamzito wa orofa ya tisa atapanda kwa miguu. Mtaa ambao watu wake walitoka kwenye vyumba vya mabati, wakijikakamua kulipa kila mwezi, hautaweza kuchanga ghafla mamilioni ya kununua nyingine. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inawataka wenye nyumba waunde shirika lao la kusimamia mambo ya pamoja. Mashirika mengi ya aina hiyo katika mitaa ya watu wenye uwezo hushindwa kukusanya ada. Itakuwaje pale ambapo hakuna aliyewahi kuelezwa kwamba ukuta wa nje ni wake pia?

Kuna mambo ambayo yanaweza kufanywa bila kusubiri sheria nyingine. Bodi inayosimamia ada ya nyumba inaweza kutenga sehemu ya kila shilingi, tangu sasa, iwe akiba ya matengenezo ya mtaa husika isiyoguswa kwa ujenzi mpya. Bunge linaweza kurekebisha hesabu ya ile asilimia 30, ili matengenezo ya mali ya umma yahesabiwe kuwa maendeleo. Zabuni zinaweza kulinganishwa kwa gharama ya miaka 30 badala ya bei ya kujenga peke yake. Na kila kaunti inaweza kubandika hadharani orodha ya madaraja na kalvati zake, tarehe ya mwisho ya kila moja kukaguliwa, na cheo cha aliyeikagua.

Orodha hiyo ya mwisho haihitaji mkopo wala mshauri kutoka ng'ambo. Inahitaji daftari, pikipiki na siku chache za mwezi wa Februari, kabla mvua za masika hazijaanza. Wakazi waliobaki karibu na Mai Mahiu wangependa kuwa wa kwanza kuisoma.